Usiishie kuuliza uvimbe wa kizazi una ukubwa gani, uliza umekaa wapi

Wanawake wengi tukitoka chumba cha altrasaundi, macho yanakimbilia sentimita. Zikiwa 3 tunashusha pumzi, zikiwa 8 tunaanza kulia. Miaka niliyovuja hedhi nzito hadi kuongezewa damu, daktari wa wanawake ndiye aliyenifundisha kutafuta kwanza mahali uvimbe ulipoota.

Faibroidi, yaani uvimbe wa misuli ya kizazi usio saratani, ikiota upande wa nje wa kizazi inaweza kuwa kubwa kama embe na hedhi yako isibadilike. Itakandamiza kibofu, utakuwa wa kwenda haja ndogo kila saa. Ndogo ya sentimita 2 iliyojichomoza ndani, pale mimba inapojishikiza, ndiyo inayomwaga damu na kusumbua ujauzito. Kubwa yangu ilikuwa nje. Iliyokuwa inanimaliza ni ndogo ya ndani, na altrasaundi ya juu ya tumbo haikuionyesha.

Kwa hiyo ukiambiwa upime kwa kupitia ukeni, dada yangu, usikatae. Najua ile aibu. Kifaa ni chembamba, kinavishwa kondomu na kupakwa jeli, na kwa kuwa kinafika karibu na kizazi, picha inatoka safi zaidi. Unakojoa kwanza, ile ya tumboni ndiyo hutaka kibofu kilichojaa. Omba mhudumu wa kike awepo. Kama bado ni bikira, sema mapema, watapima kwa njia nyingine.

Kilichomaliza ubishi kwangu ni altrasaundi ya maji. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, maji safi ya chumvi yanaingizwa, kuta zinaachana, na chochote kilichoota ndani kinajionyesha. Tumbo linasokota kidogo kama siku za hedhi, kisha linatulia. Baada ya picha ile faibroidi yangu ilitolewa kwa kamera kupitia ukeni, bila kupasuliwa tumbo. Kabla yake nilikuwa nimeshaandaliwa kwa kisu.

HSG, yaani eksirei ya kizazi na mirija ya uzazi, ni kipimo cha mirija hasa: imeziba au iko wazi? Hutumia eksirei na dawa maalumu, hivyo hufanywa hedhi ikishakoma na kabla yai halijapevuka, isije ikawa mna mimba. Uliza kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza kabla. Kama shida yako ni hedhi nzito tu, muulize daktari HSG hiyo itajibu nini kabla hujailipia.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ni ghali na wengi wetu hatuihitaji. Lakini kizazi kikiwa kimetanuka chote, hedhi ina maumivu makali, na altrasaundi haijatofautisha faibroidi na adenomayosisi, hapo nasema changishaneni hata kifamilia. Adenomayosisi ni utando wa ndani ya kizazi ulioota katikati ya misuli yake. Haina mpaka wa wazi wa kuibandua kama faibroidi, na ni vibaya daktari agundue hivyo tumbo likiwa limeshafunguliwa.

Mama na shangazi zetu waliokoma hedhi wakiona damu, hata tone, waende hospitali mara moja. Unene wa utando wa ndani ya kizazi ukizidi milimita 4 kwenye altrasaundi, huchukuliwa kipande kupimwa saratani. Ukiwa mwembamba na damu ikarudi, warudi tena.

Hifadhi picha na ripoti zote, na mwombe daktari aandike kwenye fomu swali analotaka lijibiwe pamoja na tarehe ya hedhi yako ya mwisho.