Maswali na majibu: biogesi ya samadi

Nina ng'ombe wawili wa kufungia bandani. Watatosha kwa jiko la nyumbani?

Watatosha. Kila mmoja hutoa kama kilo 10 za kinyesi cha kukusanya kwa siku, na kilo moja hutoa gesi lita 35 hadi 40. Hapo unapata takriban saa mbili za jiko la pleti moja: chai, ugali na mboga zitaiva, ila maharage yaloweke tangu usiku. Ng'ombe wa kuchungwa wahesabie nusu, kinyesi kingine kinabaki malishoni. Kikwazo kikubwa huwa maji. Samadi huchanganywa na maji ndoo kwa ndoo, yaani maji lita 20 kila siku. Ukinunua maji kwa dumu, fikiri mara mbili. Mkojo wa bandani hupunguza hitaji hilo.

Mtambo una wiki tatu, gesi inatoka lakini haiwaki.

Gesi ya mwanzo ni hewa na kabonidioksidi tupu. Iachie nje, mbali na moto, kisha subiri ijae tena. Jaribu jikoni tu, usiwashe kamwe kwenye bomba la mtambo: kuba, yaani sehemu ya mtambo inayokusanya gesi, likiwa na hewa ndani linaweza kulipuka. Ikiwaka halafu moto ukarukaruka, kuna maji bombani. Yatoe kwenye valvu ya sehemu ya chini kabisa. Kama fundi hakuweka, mrudishe.

Ni kweli haichafui mazingira?

Ikiungua yote. Methani, ndiyo gesi inayowaka ndani ya biogesi, ikivuja hupasha joto dunia takriban mara 28 ya kabonidioksidi kwa uzito uleule, ukipima kwa miaka 100. Mtambo unaovuja, basi, unaweza kuwa na hasara kubwa kuliko samadi iliyolundikwa bandani. Pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungo; likitoa mapovu, kaza. Gesi ikizidi, chemshia maji ya kuogea.

SACCOS yetu inakopesha. Nichukue?

Mtambo wa kuba la matofali, kama ule wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, hudai fedha karibu zote mwanzoni. Andika mwezi mzima pesa inayotoka mfukoni kwa mkaa, kuni na gesi ya mtungi. Rejesho lisizidi hapo. Anayeokota kuni bure anaokoa muda na mapafu, pesa haoni, kwa hiyo rejesho lake litoke kwenye maziwa au mboga zilizokuzwa kwa tope la mtambo, yaani samadi iliyokwisha kutoa gesi. Tope hilo liweke kivulini, juani naitrojeni hupotea. Na fundi asipewe awamu ya mwisho kabla jiko halijawaka.