RAID 1 haitoshi kulinda bakapu

Ndugu, umeuliza kama RAID 1 (diski mbili zinazobeba data ileile) peke yake inalinda bakapu zisiharibike kimyakimya. Hailindi. Diski mbili zikitofautiana, RAID ya kawaida haina namna ya kujua ipi iko sahihi.

Hamia ZFS, mfumo wa faili unaokagua data yake wenyewe. Kila bloku (kipande cha data) ina cheksamu yake, yaani namba inayokokotolewa kutoka data hiyo ili kuihakiki. Data ikisomwa na isilingane nayo, nakala isiyoharibika huchukuliwa kutoka diski ya pili na ile mbovu hurekebishwa. Ukiwa na diski moja, utaambiwa tu faili gani limeharibika. Endesha zpool scrub (amri ya kusoma na kukagua data yote) kila mwezi, maana bakapu hukaa muda mrefu bila kusomwa.

Na tafadhali sana, usiharakishe kufuta nakala za zamani: faili likiharibika kwenye seva kuu, bakapu ya usiku huo hubeba uharibifu uleule, na ZFS itauona ni data halali.