Watoto mia, ubao mmoja: majibu kwa walimu tarajali

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa vijana walio kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, au waliomaliza chuo juzijuzi, na wengi wamepangiwa shule za uswahilini na za pembezoni mwa Dar es Salaam. Nimezifupisha.

Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya ualimu, BTP nipo shule ya msingi huku Mbagala. Nimepewa darasa la tatu, mkondo mmoja, watoto wanapita mia. Chuoni tuliambiwa tuwagawe makundi ya watano watano. Hapa hata pa kupita hakuna.

Marahaba. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na chuo kimekuandaa kwa darasa la namna hiyo. Wewe unayo mawili ndani ya chumba kimoja. Wanaokaa dawati moja ndio kundi lako. Wasemezane hapohapo, asiinuke mtu.

Nguvu zako zipeleke kwenye kuchagua swali. Walimu wapya wanaandika maswali kumi ubaoni, wanakusanya madaftari yote, wanasahihisha hadi usiku, na kesho yake kipindi kinafika madaftari hayajarudi. Andika swali moja tu: 52 kutoa 17. Waambie waandike jibu peke yake, kwa tarakimu kubwa, ukurasa wa nyuma wa daftari, kisha wanyanyue. Pita mbele ukitazama. Wenye 35 wamepata. Wenye 45 wamekuwa wakitoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, yaani wametoa 2 kwenye 7. Hawajajua kukopa kwenye makumi. Wenye 69 wamejumlisha. Hao kabla hujawafokea nenda kakae dawati la nyuma uutazame mwandiko wako, huenda alama ya kutoa haionekani.

Wa 45 ndio wa kurudia nao, kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Fungua fungu moja mbele ya macho yao, ile 2 iwe 12, watoe 7 kwa mikono yao. Waliopata wape 403 kutoa 158 na uwaache wahangaike nayo kidogo. Andalio la somo lenye mpango kama huo litamridhisha mkufunzi anayekuja kukutathmini kuliko makundi ya maigizo yanayopangwa siku ya ugeni.

Walimu wenzangu ofisini wanasema watoto wa uswahilini bila fimbo hawasikii. Juzi nimeachiwa fimbo, nikaambiwa "simamia darasa".

Irudishe ofisini. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zimempa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Wewe tarajali barua hiyo huna, na mtoto akiumia, aliyekuachia fimbo hatakumbuka kama alikuachia. Mimi sina imani na fimbo hata ya mwenye barua. Mtoto aliyechapwa kwa ile 45 yake kesho atalificha daftari, na utakuwa umejifungia njia ya kujua anakosea wapi.

Nipo sekondari ya kata upande wa Chanika. Kuna wanafunzi wanachelewa kila asubuhi, na wawili watatu wanasinzia kabla ya saa nne. Mwalimu wa zamu anawapigisha magoti getini. Mimi mgeni niseme nini?

Kuchelewa na kusinzia usivitie kapu moja.

Kwa wanaochelewa, nenda kituoni asubuhi moja, saa kumi na mbili, usimame tu. Nauli ya mwanafunzi ni Sh200, na konda anamtaka abiria wa nauli kamili. Utaona anavyoziba mlango kwa mkono, anaingiza wenye sare wawili, gari linaondoka, waliobaki wanasubiri jingine nalo linafanya vilevile. Ukishayaona kwa macho, una cha kumweleza mkuu wa shule: aongee na serikali ya mtaa na watu wa usalama barabarani kuhusu kituo kile. Wakati hayo yanaendelea, dakika za mwanzo za kipindi cha kwanza zitumie kwa marudio, mada mpya ianze wengi wakishafika.

Kwa wanaosinzia, "Kwa nini unalala?" mbele ya darasa itakuletea kimya au kicheko. Mwite pembeni umuulize, "Jana uliingia kulala saa ngapi?" Hapo ndipo utasikia ya karanga zinazouzwa stendi mpaka usiku, au unga wa vitumbua vya mama unaoanza kushughulikiwa alfajiri. Wengine ni njaa tu. Elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa ada; chakula cha shuleni bado kinategemea sana michango ya wazazi. Jambo lifikishe kwa mwalimu wa malezi, na la chakula lipelekwe kwenye kikao cha wazazi. Usiligeuze la mfukoni mwako. Posho ya tarajali itaisha wiki ya kwanza, na mtoto atabaki na aibu ya kuwa na mfadhili.

Nimekulia Mbezi Beach, nimepangiwa Vingunguti. Nitaonekana wa kuja?

Utaonekana, kwa wiki mbili hivi. Usipeleke biskuti, usiwapige picha za kuweka mtandaoni, na usiwaite "watoto wa mazingira magumu" wakiwa wanakusikia. Shika majina.

Nimemaliza shahada ya ualimu DUCE, Chang'ombe, ajira sijapata. Shule ya jirani Kivule inaniomba nijitolee. Si kupoteza muda?

Itategemea mtakavyokubaliana. Dai barua yenye tarehe, masomo na madarasa utakayofundisha. Kujitolea kwa mdomo hakuna ushahidi. Omba angalau nauli na chai. Jiwekee kikomo, muhula mmoja, kisha mkae tena na mwalimu mkuu. Na usikubali kubebeshwa vipindi vya mwenzio anayelipwa, maana hilo hutokea, hasa kwa vijana wapole. Maandalio yako yote yatunze. Sasa ajira za walimu zinapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na aliyekuwa darasani hajibu kama aliyekaa nyumbani mwaka mzima. Nauli ya kwenda huko kwenye usaili anza kuitenga sasa.