Usivute umeme wa soketi juu ya ukuta, hata kama vijana wanashinda getini kwako

Mleta mada, umeuliza maswali manne, na lile la kuua umelipitisha katikati kana kwamba ni dogo: fundi atavuta waya kutoka soketi ya varanda, auzungushe juu ya ukuta, "umeme mdogo tu wa kuwatisha", ili hao vijana wanaokaa nje ya geti lako kila jioni wahame. Mpigie leo umwambie asije. Kamera, mbwa na kupandisha ukuta vitasubiri.

Hakuna umeme mdogo kwenye soketi. Kuna volti 230, na zitatoka kwa nguvu ileile iwe zinachaji simu au zinapita mwilini mwa mtu. Mtu mwenye jasho au aliyelowa ana ukinzani, yaani uwezo wa mwili kuzuia umeme, wa kama omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa omu 1,000, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230 za mkondo wa umeme. Kwenye miliampea kumi hivi misuli ya kiganja inajikunja, mtu hawezi tena kuuachia waya hata akitaka. Zikipita 30 kifuani kwa muda, pumzi na moyo viko hatarini, ndiyo maana sakiti breka za kulinda watu zinatengenezwa zikate kwenye miliampea 30. Fundi wako anataka kuweka zaidi ya mara saba ya hapo, usiku kucha, mahali ambapo mtoto anaweza kupanda kufuata mpira.

Fensi ya umeme ya kweli haifanyi kazi hivyo. Inatumia mashine inayoitwa enajaiza. Mashine inakusanya umeme kisha inautoa kwa pigo moja fupi, chini ya sehemu kumi za elfu moja za sekunde, halafu inatulia karibu sekunde nzima kabla ya pigo lingine. Volti kwenye waya zinafika 5,000 hadi 9,000, nyingi kuliko za soketi kwa mbali, lakini kiwango cha kimataifa IEC 60335-2-76 kinazuia kila pigo lisizidi juli 5 (juli ni kipimo cha nishati). Mtu anarushwa, anapiga kelele, na ule utulivu kati ya mapigo unampa nafasi ya kuachia na kukimbia. Umeme wa soketi hautulii. Unamshika.

Sasa nieleze ujanja wa mafundi wa aina hii, maana wanaoua watu ni wao, na wanaongea kwa kujiamini kabisa. Wa kwanza ni kuunga taa ya wati 100 katikati ya waya wakidai "inapunguza". Haipunguzi. Uzi wa taa ukiwa baridi ukinzani wake ni kama omu 40, mwili wa mtu ni 1,000. Umeongeza omu 40 juu ya 1,000, mkondo umebaki karibu uleule. Taa hata haitawaka vizuri wakati mtu anakufa.

Wa pili ni swichi, "uwashe usiku tu". Usiku ndiyo saa ya mvua, ya jirani aliyesahau funguo, ya dada wa kazi anayeanua nguo gizani kwenye kamba iliyofungwa ukutani.

Wa tatu ndio mbaya zaidi kwa familia yako. Waya ulio wazi juu ya ukuta wa tofali lazima uvuje. Wanatumia vipande vya bomba la plastiki kama insuleta, yaani vizuizi vya umeme, jua linavipasua, vumbi na chumvi ya pwani vinaganda, ikinyesha umeme unapita kwenye vyuma vya engo, unaingia kwenye nondo za nguzo, unafika kwenye geti la chuma. Ile sakiti breka yenye kitufe cha kujaribia inaona umeme unavuja na inakata, kama ilivyotengenezwa. Fundi anarudi na kusema "breka yako mbovu, inasumbua", anairuka. Kuanzia hapo nyumba nzima haina ulinzi: hita ya kuogea, friji, pasi, pampu ya kisima. Na yuniti za LUKU, umeme unaolipia kabla, zinaisha haraka kwa sababu unalipia umeme unaozama ukutani. Zikiisha, fensi nayo imekufa, na ulinzi uliokuwa unautafuta haupo.

Mbele ya sheria hutaokolewa na hoja kwamba alikuwa mwizi. Umetega kitu cha kuua, mtu amekufa, na kosa la kuua bila kukusudia hapa Tanzania linaweza kukufikisha kifungo cha maisha. Fundi hatakuwepo, maana hana risiti, hana leseni, na namba yake haitapatikana.

Kanuni ni moja, ishike hata ukisahau mengine yote: umeme wa nyumba unaishia ndani ya mashine. Waya wa soketi usiguse ukuta.

Ukiitaka fensi ya kweli, fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umuulize hivi. Mashine iko wapi, na juli zake ni ngapi? Betri ipo? Ya kawaida ni ya volti 12, saa-ampea 7, ili LUKU ikiisha fensi iendelee. Waya wa kutoka kwenye mashine kwenda ukutani ni ule mzito wa volti nyingi? Waya wa kawaida wa nyumba plastiki yake imetengenezwa kwa mamia ya volti, ukiupitishia 8,000 utatoboka ndani ya bomba na hutajua wapi. Fensi ina ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) yake yenyewe, fimbo zake zimechimbiwa mbali na ethi ya nyumba? Wakiziunganisha, mapigo yanarudi kwenye vyombo vyako. Waya wa chini kabisa usiwe mahali mpita njia anafikia, ukuta wenyewe uwe angalau mita 1.5. Vibao vya njano vya onyo viwekwe kila mita 10 au chini ya hapo, na kimoja kwenye geti. Matawi yafyekwe, kwa sababu tawi likigusa waya linapunguza nguvu ya fensi.

Kama tayari kuna waya ukutani na huna hakika umeungwaje, usiuguse, na usiupime kwa mita ya kawaida, volti za mashine zitaiua. Fuata waya kwa macho kutoka ukutani hadi unapoanzia. Ukikuta unaingia moja kwa moja kwenye soketi au bodi ya breka bila boksi la mashine linalotoa mlio wa tik, tik kila sekunde, zima swichi kuu, hapohapo, kisha mwite fundi wa leseni aukate. Na mtu akinaswa, usimshike mkono. Swichi kuu kwanza.

Kuhusu hao vijana. Kukaa barabarani si wizi, na hata wewe hujasema wamegusa kitu. Angalia kwanza kinachowaleta: mwembe wako unaotoa kivuli nje ya ukuta, taa ya geti inayowaka usiku kucha, ngazi ya zege pembeni ya geti, au waifai yako isiyo na nywila. Waifai peke yake inajaza watu ukutani kila jioni. Weka nywila, punguza matawi, badili taa iwe ya kuhisi mtu anapokaribia, kisha tazama kwa wiki mbili. Kisha toka mchana, wasalimie, ujue majina. Wengi watakuwa watoto wa majirani zako, na mmoja wao ndiye angeshika huo waya.

Wakiendelea, au ukiona wanapiga picha geti, wanauliza unarudi saa ngapi, wanabadilishana zamu, andika siku na saa, mpelekee mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, ukaombe namba ya polisi kata. Mtu akianza kupanda ukuta piga 112 na usipige kelele za mwizi, maana umati ukishafika hauulizi ni nani.