Seva ya Simu Ndani ya Mashine ya Wote: Chunguza Wapangaji Wenzake Kwanza

Ofisi nyingi ndogo ninazozihudumia hapa Dar es Salaam zina kompyuta moja tu yenye nguvu, na kila kitu kinawekwa humo humo. Chukua ofisi ya wakala wa forodha yenye wafanyakazi kumi na tano: mashine hiyo inabeba programu ya uhasibu kwenye Windows, hifadhi ya mafaili, na siku hizi seva ya simu pia. Nikiulizwa kama inawezekana, jibu langu ni ndiyo, tena vizuri kabisa. Mimi natumia Proxmox, programu inayogawa kompyuta moja kuwa mashine pepe kadhaa (kompyuta za kiprogramu, kila moja na mfumo wake), na ndani yake mashine pepe moja inaendesha Asterisk, programu ya seva ya simu, ikisimamiwa na FreePBX, programu ya kuipangia mipangilio kupitia kivinjari. Watu wanapiga na kupokea simu bila kujua nyuma kuna nini. Ila sauti inapoanza kukatika, wengi hukimbilia kuongeza RAM na prosesa, na hapo hela inapotea bure.

Simu haina njaa. Simu nyingi za mezani zinatumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, inayotuma pakiti 50 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 20. Ukijumlisha na mzigo wa mtandao wenyewe, ni kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu kumi zikiwa hewani pamoja hazifikishi hata megabiti moja. Kwa ofisi ya ekstensheni ishirini, kore mbili na RAM ya GB 2 zinatosha na chenji inabaki. Kinachoiua simu ni kucheleweshwa. Faili likichelewa nusu sekunde kufunguka hakuna atakayenuna, lakini pakiti za sauti zikikosa zamu yake kidogo tu, mteja anasikia “kontena lipo ban… rini” na anaanza kupiga kelele.

Kwa hiyo kabla ya kuigusa seva ya simu, wachunguze wapangaji inaoishi nao, yaani mashine pepe na kazi nyingine zilizo kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Ofisi moja, dada wa mapokezi alinipigia: “Kaka, asubuhi simu zinaongea kama roboti, ikifika saa tatu zinapona zenyewe.” Ugonjwa wenye ratiba usiutafute kwenye kebo. Niliingia ndani ya mashine pepe ya simu, nikafungua top, amri ya Linux inayoonyesha kazi za prosesa, na kutazama safu ya st, inayoonyesha muda ambao mashine ilitaka prosesa ikanyimwa. Ilikuwa karibu na sifuri. Nikahamia mashine mama, yaani kompyuta yenyewe inayobeba mashine pepe zote, safu ya wa, ile ya kusubiri diski, ikawa imepanda juu kweli kweli. Kwenye orodha ya kazi zilizopangwa nikakuta bakapu ya mashine zote, 08:00. Aliyeipanga alikusudia saa nane usiku. Kompyuta haihesabu saa kama sisi, ikawa inaanza saa mbili asubuhi, ofisi ndiyo inafunguliwa na wateja ndiyo wanaulizia mizigo yao. Tuliandika 02:00, na dada hakunipigia tena kwa shida hiyo.

Bakapu inaumiza simu kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Proxmox inaponakili mashine pepe ikiwa inafanya kazi, na mashine ikataka kuandika juu ya kipande cha diski ambacho bado hakijanakiliwa, inasubirishwa mpaka kipande cha zamani kifike salama kwenye hifadhi ya bakapu. Hifadhi hiyo ikiwa ni diski ya nje ya USB au NAS (hifadhi ya mafaili ya kwenye mtandao) iliyochoka, basi kila mtu ndani ya nyumba anakwenda kwa mwendo wa yule mzembe. Na kama mnarekodi mazungumzo, Asterisk inaandika muda wote, kiasi cha karibu MB 1 kwa dakika kwa kila simu ikiwa ni faili la wav. Kuanzia toleo la 8.2 la Proxmox, lililotoka 2024, kuna chaguo linaloitwa fleecing: vipande hivyo vinaegeshwa kwanza kwenye diski ya haraka ya hapo hapo. Liwashe. Pia wekea bakapu kikomo cha kasi. Ikichukua saa mbili badala ya moja usiku wa manane, nani anajali?

Mipangilio mingine ni michache. Kwenye mpangilio wa Proxmox uitwao CPU units, ipe seva ya simu uzito mara kadhaa zaidi ya wenzake. Uzito huo unafanya kazi pale tu prosesa inapogombaniwa, kwa hiyo hakuna anayedhulumiwa siku za kawaida. Zima ballooning, ile ya Proxmox kupunguza RAM ya mashine pepe na kuwapa wengine, ili RAM yake isichukuliwe. Windows ya uhasibu, ambayo ndiyo mgomvi mkubwa kwenye diski, itafutie SSD yake peke yake. Na snapshoti (picha ya hali ya mashine pepe kwa wakati huo) inayobeba RAM usiipige mchana, maana mashine inasimama kidogo na kila aliye hewani atalisikia hilo pengo.

Kama bado mna laini za shaba au mnataka namba za SIM, msihangaike kupitisha kadi ndani ya mashine pepe. Nunueni kisanduku cha nje kinachogeuza laini kuwa SIP, itifaki ya simu za mtandao, kiunganishwe kwa kebo ya mtandao, kazi iishe.

Sauti ya upande mmoja ni kesi nyingine kabisa. Mtu anasikia, mwenzake hasikii: hapo usiilaumu mashine pepe, nenda kwenye ruta uzime SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha pakiti za SIP, kisha hakikisha Asterisk inajua IP yenu ya nje.

Umeme sasa. UPS ya seva peke yake haisaidii kitu kama swichi ya PoE, inayolisha simu za mezani umeme kupitia kebo ya mtandao, imechomekwa ukutani. Zote mbili ziwe kwenye UPS, pamoja na ruta. Ndani ya BIOS, weka mashine ijiwashe umeme ukirudi, na kwenye Proxmox panga seva ya simu iwake ya kwanza; Windows isubiri.

Na tafadhali, mlango wa 5060, unaotumiwa na SIP, usiuache wazi kwa dunia nzima. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku kucha kutafuta seva za namna hii, zikipata ekstensheni yenye nywila 1234 zinapiga nchi za mbali na bili inakuja kwenu. Ruhusu IP za mtoa huduma wenu tu, na wanaofanyia kazi nyumbani waingie kwa WireGuard, VPN inayowaunganisha salama na mtandao wa ofisi.

Ukimaliza, fanya jaribio Jumamosi mchana. Piga simu toka mezani kwenda simu yako ya mkononi, iache hewani, halafu anzisha bakapu kwa mkono na umwambie mtu wa uhasibu afungue ripoti yake nzito kuliko zote. Kwenye Asterisk andika pjsip show channelstats uone pakiti zilizopotea na jitter, yaani kuyumba kwa muda wa kufika kwa pakiti. Namba zikipanda hata baada ya haya yote, nunua kompyuta ndogo iliyotumika, rudisha humo bakapu ya FreePBX, na uiache simu ikae peke yake.