Fostroki inakula kidogo kweli? Majibu kwa wenye boti

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya mashine za boti na mafuta, tustroki ni ile unayochanganya oili kwenye petroli, fostroki ina oili yake ya ndani, na namba kama 15 au 40 ni nguvu za farasi, bei ya petroli imewakaba watu naona, haya twende.

Nipo Bagamoyo, boti ya faiba, mashine 15 tustroki, kwa siku inakula lita 25. Nikichukua fostroki hela yangu itarudi?

Itarudi kaka, ila tupige hesabu kwanza. Tustroki ya kabureta mafuta mapya yanaingia huku tundu la moshi bado liko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli, saa nyingine hata robo, inapitiliza na moshi bila kuungua, ndo ule utandu wa rangi rangi unaouona majini nyuma ya boti, ile ni hela yako inaelea. Fostroki haina huo mchezo. Faida kubwa utaiona mwendo mdogo na wa kati, ukiifungua mpaka mwisho tofauti inapungua.

Chukulia unabana theluthi, yani lita 8 kwa siku. Ukitoka siku 22 ni lita 176 kwa mwezi, na ile oili ya kuchanganya nusu lita kila siku nayo hainunuliwi tena, lita 11. Tuseme petroli shilingi 3,000 kwa lita na oili 10,000 ili hesabu iwe nyepesi, hapo unabakiza kama 638,000 kwa mwezi. Ukiuza ya zamani ukaongeza milioni 7, miezi 11 imerudi, sema mwaka maana fostroki nayo ina oili yake ya ndani inabadilishwa kila masaa 100 na wewe kwa mwendo huo masaa 100 ni mwezi tu. Weka bei za kwako halisi humo, usichukue zangu.

Halafu kuna uzito. Tustroki ya 15 ni kilo 35 mpaka 40, kijana anaitia begani anaipeleka nyumbani wezi wasiibebe, fostroki ni kama 45 mpaka kupita 50. Na ukiilaza ubavu usio wake oili inaingia kwenye silinda, kesho yake unavuta kamba mpaka bega linauma. Mwambie muuzaji akuonyeshe ubavu wa kulazia kabla hujatoka dukani.

Ukerewe hapa, navua dagaa. Mashine natumia kwenda na kurudi tu, lita 8 kwa usiku. Na mimi nibadilishe?

Hapana. Ukienda polepole utabana labda lita 2 na nusu, na mbalamwezi ikiwa kali hutoki, kwa hiyo tuseme usiku 20 kwa mwezi, lita 50, hiyo ni 150,000 kwa bei ileile, na oili ya kuchanganya kama 32,000. Milioni 7 itarudi baada ya miaka mitatu na zaidi, hapo mashine yenyewe imeshachoka. Safisha kabureta, badili plagi, na iangalie propela vizuri, ikiwa imekunjika au imeliwa meno unachoma mafuta bure na propela ni bei ndogo mno ukilinganisha na mashine.

Mashua yangu ya mbao Lamu ina mita 9, natumia 40. Jamaa kaniambia nikifunga 60 itabana mafuta kwa sababu haijitesi.

Jamaa kachanganya vyombo viwili. Faiba nyepesi inayonyanyuka na kuteleza juu ya maji, ikiwa mashine ni ndogo mpaka inashindwa kunyanyuka, hapo kubwa inaweza kusaidia kweli. Mashua ya mbao haitelezi, inapasua maji, na chombo cha urefu huo kikifika noti 7 na kidogo (noti ni maili ya baharini kwa saa) kimefika kwake, ukizidi kuikamua unachimba wimbi tu, tezi, yani nyuma, inakaa na omo, yani mbele, inaangalia mbinguni. Hizo farasi 20 za nyongeza zitakunywa.

Fanya kinyume chake bwana. Safari ya maili 14 kwa noti 7 ni masaa mawili, shuka noti 6 utachelewa dakika 20 na mafuta yanapungua robo au zaidi. Na lini mara ya mwisho umekipandisha chombo bamvua, yale maji makubwa, ukakisugua tumbo? Majani na vile vidudu vigumu vinavyoganda chini vinakulia mafuta mengi. Wazee hawakuwa wajinga kupiga deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kupaka tumbo la chombo.

Nikipunguza oili kwenye petroli si nitabana hela?

Utabana mpaka siku pisitoni itakapoganda. Mashine nyingi ni 50 kwa 1, dumu la lita 25 linataka nusu lita, fuata kitabu cha mashine yako basi.

Niko Kilifi, vipi mafuta ya taa?

Kuna mashine zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, zinawashwa kwa petroli kisha zinahamishiwa mafuta ya taa. Ya kawaida usiijaribu, itajaa masizi. Na Kenya mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuyatumia kuchakachua dizeli na petroli, kwa hiyo ule urahisi wa zamani usiutegemee.

Mimi sipandi baharini, ninayo boti tu Tanga. Nimenunua fostroki miezi mitatu iliyopita na nahodha bado anaomba mafuta yaleyale ya zamani. Kwa nini?

Dada yangu, hapa kuna njia mbili na zote nimeziona. Ya kwanza, nahodha kapata mashine mpya tamu, anaifungua mpaka mwisho kila siku ili awahi mnadani, na hapo ndo faida inapotelea. Ya pili ni kwamba mafuta yanashuka kabla ya kufika baharini, yanauzwa palepale ufukweni kwa dumu. Usigombane na mtu bado. Jaza tenki mwenyewe alfajiri, mpe kijana unayemwamini aende nao siku moja aandike saa ya kuwasha na ya kuzima, wakirudi ujaze tena ukipima kwa dumu lenye alama. Fanya hivyo siku tatu, moja ya maji kujaa na moja ya upepo ili asije akakwambia ilikuwa kusi. Ukishapata lita kwa saa niandikie na mimi nijue.