Ndege Imechelewa Luano: Barua za Wasomaji na Majibu Yetu

Mvua zikianza Lubumbashi, barua za watu waliokaa Luano, uwanja wetu wa ndege, wakitazama mawingu huongezeka. Tumechagua sita, na ile ya mwisho imetoka upande wa pili wa kaunta.

Ndugu mwandishi, binti wa kaunta alitutangazia kwamba ndege imeondoka Kinshasa saa 14. Tukahesabu kwamba ingetua saa 16 na kidogo, lakini ilifika baada ya saa 17. Kabla ya hapo, kila tulipomwuliza alijibu «sijui». Kwa nini wanatudanganya? (Msomaji wa Kampemba)

Binti huyo hakukudanganya, bali alikutajia saa ya Kinshasa. Nchi yetu ina saa mbili, na sisi wa Katanga tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja nzima. Ndege ikiruka N'djili, uwanja wa Kinshasa, saa 14 za kule, saa ya ukutani mwako imekwisha kuwa 15, na ukiongeza saa mbili na zaidi za kukaa angani, huwezi kuiona Luano kabla ya saa 17. Ujumbe ulimfikia ukiwa na saa ya kule, naye akausoma kama ulivyo. Nusu ya ugomvi ninaoushuhudia katika ukumbi ule hutokana na saa hiyo moja.

Kuhusu neno «sijui», ningekuomba ulipokee vizuri zaidi. Ndege utakayopanda jioni huenda iliamkia mji mwingine kabisa, ikapita Mbuji-Mayi au Kananga, ikarudi Kinshasa, ndipo ikaelekezwa kwetu. Ikikwama asubuhi kwa sababu ya dhoruba, muda uliopotea huburuzwa mji hadi mji, kwa kuwa hakuna nyingine iliyoegeshwa pembeni ikingoja kuziba pengo. Tena rubani na wenzake wana saa za kazi zilizowekewa mpaka na kanuni za usafiri wa anga, na saa za kungoja chini huhesabiwa pamoja na zile za angani. Ndiyo maana unaweza kuiona ndege kwa macho yako, ikiwa nzima na imejazwa mafuta, kisha ukaambiwa kwamba safari ni kesho. Mtu wa kaunta hana uwezo wa kukadiria hayo yote. Mwulize jambo analoweza kulijua: ndege yetu iko mji gani sasa hivi, na je, imekwisha kuruka? Swali la namna hiyo hupata jibu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mwezi wa kumi ndege iliondoka mchana nami nikiwa ndani, lakini mizigo yangu miwili ikabaki Luano. Je, niliibiwa? (Msomaji)

Si lazima. Luano iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, na mwezi wa kumi jua letu halina huruma. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huipunguza uzito zaidi, kwa hiyo mabawa hupata nguvu kidogo, na baadhi ya ndege hulazimika kupunguziwa shehena ili ziweze kuruka salama. Mizigo ndiyo hushushwa kwanza. Usitoke uwanjani ulikotua kabla ya kuandikiwa ripoti ya mzigo uliokosekana, na ukitunze kile kikaratasi chenye namba walichokubandikia kwenye tiketi. Anayekuandikia ripoti hiyo yuko kwenye mji mwingine, hakuwapo mzigo wako uliposhushwa, kumkaripia hakutauleta.

Niliwahi kumpigia kelele mfanyakazi mbele ya watu wote, na sasa naona aibu. Je, nirudi kumwomba radhi, au ni kujidhalilisha? (Mwanafunzi, Kasapa)

Rudi. Nami nililifanya kosa hilo hilo nilipokuwa nakwenda msibani, na shirika lenyewe sitalitaja. Umeme ulikuwa umekatika, na dada wa kaunta alikuwa anaandika majina ya abiria kwa mkono katika daftari la shule. Nikaipiga meza kwa pasipoti yangu hadi kalamu yake ikaanguka. Aliinama akaiokota, na alipoinama nikaona kwamba amevua kiatu kimoja, na mguu wake uliovimba ameuegemeza juu ya katoni tupu. Nilikwenda kuzunguka ukumbi mara mbili, kisha nikanunua chupa ya maji na kumrudia nikisema, «Dada, nimekukosea.» Alinijibu, «Asante, baba. Jina lako ni la ngapi?» Orodha ilikuwa haijaisha. Hakunipandisha kwenye mstari wa juu, wala sikustahili.

Je, nikimpa mfanyakazi matabishi, yaani kitu kidogo, ili anitafutie kiti cha haraka, huo si wema? (Msomaji wa Katuba)

Hapana, mama. Kiti hicho kitatolewa chini ya mtu mwingine, labda mgonjwa. Ukitaka kumshukuru, msifu kwa jina lake mbele ya mkuu wake.

Mwanangu alichelewa kwa saa saba akitoka Brussels kuja Lubumbashi. Rafiki zake wanasema anadai euro 600. Ni kweli? (Baba, Bel-Air)

Inawezekana. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, humlinda kila abiria anayeondokea kiwanja cha Ulaya, hata akipanda ndege ya shirika la Afrika, na kwa safari inayozidi kilomita 3,500 fidia hufika euro 600. Akisafiri kutoka kwetu kwenda kule, kanuni hiyo humhusu iwapo tu shirika ni la Ulaya. Sababu ikiwa ni dhoruba, fidia huondoka, ila chakula wakati wa kungoja hakiondoki. Adai kwa maandishi, akiambatanisha tiketi na kadi ya kupandia. Wa kaunta hana sanduku la euro, na kuwa mpole kwake hakumpunguzii mwanao haki hata senti moja.

Ninafanya kazi kwenye kaunta. Watu hunitukana hata kwa ajili ya Go-Pass, ile ada ya uwanja wanayolipishwa abiria. Nifanye nini? (Hakutaka kutajwa)

Dada yangu, pole. Wasomaji wangu wajue kwamba fedha ya Go-Pass huenda kwa mamlaka ya viwanja vya ndege, haiingii kwenye shirika lako, sembuse mfukoni mwako. Kuhusu matusi, sikushauri uvumilie yote. Anayekunyoshea mkono aitiwe walinzi papo hapo, hata akiwa mkubwa. Kwa waliobaki, jaribu kutoka mbele ya kaunta kila nusu saa na kusema neno, hata kama huna jipya, maana abiria akinyamaziwa huanza kujitungia habari. Na karatasi ile mnayoibandika ukutani, omba iandikwe saa mbili: ya Kinshasa, na chini yake ya Lubumbashi.